Nati ya Tano

Asubuhi ile Noah yangu ilikuwa imekalia matofali,
manne, ya kuchoma, ya kwangu mwenyewe,
niliyoyapanga nyuma ya nyumba nikisubiri hela ya kujenga choo.
Mwizi alikuja na spana tu.
Vingine vyote nilimwandalia mimi.

Ilikuwa Agosti, Ilazo, upepo wa kukausha midomo,
vumbi likipita chini ya gari
bila kizuizi, kama lipo kwao.
Watoto wakasema: Mama, gari limevua viatu.
Sikucheka. Nilikuwa nahesabu:
ringi nne, tairi nne,
na zabibu za Hombolo zilizokwisha kukatwa.

Ndahani wa gereji akafungua kiganja.
Nati nne, kila moja imechongwa ua kichwani,
na ufunguo mmoja mfupi unaoyajua maua hayo.
"Moja kwa kila gurudumu, mama.
Mwizi ana dakika chache na moyo unaomdunda.
Akiigusa hii, ataanza kufikiri,
na mwizi akianza kufikiri, keshaondoka."

Na yule asiyefikiri?

Akakuna kidevu. Fundi mkweli huchelewa kujibu.
"Huyo atapigilia boksi spana kwa nyundo,
ing'ate, izunguke, itoke.
Lakini nyundo ina mdomo.
Nyundo ya saa nane usiku huamsha mtaa."

Nikalipa bei ya kreti tatu
kulinda kilichonigharimu kreti thelathini.
Nikaficha ufunguo kwenye kopo la majani ya chai,
juu ya kabati, mahali ambapo mwizi hawezi kuwaza.
Miezi sita nililala kama mtoto aliyeshiba.

Mwezi wa pili, njia ya Hombolo, jua la saa saba,
tairi la nyuma likatoa pumzi.
Jeki ninayo. Spea ninayo. Spana ninayo.
Nati nne zilitii, zikalala kwenye pindo la kanga.
Ya tano ikanitazama
kama karani aliyekwisha funga dirisha.

Kopo la majani ya chai.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema,
nami nilidhani wanasema habari za nyoka.

Nikampigia binti yangu Mbeti: panda kiti, shusha kopo.
Bodaboda ilifika baada ya saa mbili na nusu.
Nyuki walifika mapema zaidi.
Kreti za chini zilikuwa zinavuja,
mvinyo usiosubiri kiwanda,
ukidondokea lami, tone, tone,
na mimi nimekaa kivulini mwa gari langu
lililolindwa vizuri hata nami silifungui.

Sikuzitoa, lakini. Mtu aliyewahi kuona gari lake
peku juu ya matofali hazitoi.
Ufunguo nikauhamishia kwenye mkoba,
na mkoba, kila mtu anajua, huibwa kabla ya gari.

Kisha usiku ule wa mvua ndogo.
Nilisikia chuma kikigusa chuma, taratibu.
Nikachungulia pembeni ya pazia:
mtu amechuchumaa, tochi mdomoni,
kidole chake kinapapasa ua.
Akafikiri. Ndahani alisema kweli.
Akainuka, akaenda.
Nikarudi kitandani nikitabasamu gizani,
sikupiga kelele, sikuwasha taa,
sikujiuliza ameenda upande gani.

Asubuhi Passo ya nesi Eliwaza, ukuta wa pili,
ilikuwa imekalia matofali.
Manne. Ya kuchoma.
Alisimama mbele yake na sare yake nyeupe,
anatakiwa wodini saa moja.
"Na wewe hukusikia kitu, jirani?"

Nikasema mvua.

Nilimpeleka kazini na Noah yangu, siku ile na wiki nzima.
Nilimwonyesha gereji ya Ndahani.
Amenunua zake, za ua jingine.
Sasa namfikiria mwenye nyumba ya tatu,
ambaye hata jina lake silijui.

Jumapili nikamwita mwashi.
Hela haikutosha, lakini msingi umepanda hadi magotini,
na yale matofali manne
nimeyatia saruji kwa mikono yangu.