Irabu ya Chini

Mchana naifundisha mashine kusoma.
Si Kiingereza, hicho ilishakila zamani.
Naifundisha Kiswahili cha herufi za Kiarabu,
mwandiko wa watu waliokuwa na haraka,
wino uliolowa, karatasi iliyokunjwa mara nane
ikaenda Mombasa mfukoni mwa jirani.

Nimezunguka Mkomani nyumba kwa nyumba,
simu mkononi, nikipiga picha barua za marehemu.
Mwana Esha alinitolea kumi na tisa,
akazuia moja:
"Hii ina deni ndani. Hiyo mashine yako ina haya?"
Nikasema haina.
Akaifutika kifuani.

Jumla, mia mbili na kumi na mbili.
Dakta Cherotich, msimamizi wangu, huniuliza kutoka Juja,
uso wake ukigandaganda kwenye kioo:
"Umefika asilimia ngapi?"
Themanini na moja, Daktari.
"Panda."
Kana kwamba ni mnazi.

Usiku ni wangu. Stima ikikatika, ndiyo raha.
Nawasha kandili, nashona kofia.
Nilifunzwa na Kombo, fundi wa Langoni,
aliyenifumulisha safu tatu kwa kosa la tundu moja
na asiseme neno.
Wenzangu wa chuo husema ni sawa na kuandika programu.
Si sawa.
Programu haijanichoma kidole hata siku moja.
Paka wangu, Sufuri, hulalia duara la juu
kila nikiliweka chini.

Wiki iliyopita ikafika zamu ya bati la biskuti la nyumbani kwetu.
Mama yake bibi anamwandikia mumewe,
kuli wa bandari ya Kilindini:
*Kofia yako*, halafu neno lenye irabu ya chini.
Katika mwandiko huu *e* na *i*
ni ndugu wawili wenye kanzu moja,
akitoka huyu, yule hubaki ndani.
Nimeipenda. Nimeipinda.

Mashine haikusita:
*nimeipenda*, asilimia tisini na tatu.
Najua sababu. Nimeilisha barua za walioachana na bahari katikati,
*penda* imejaa humo kama mchanga kwenye viatu.
*Pinda* imeiona mara mbili tu,
na zote ni za shuka.

Lakini mstari unaofuata wasema:
*uzi umesalia kidogo, nimekutilia humu.*
Nami nakijua kidole
siku ya kupinda ukingo.

Nikampelekea bibi.
Akaishika barua mbali, akaileta karibu.
"Mashine yako imesomea chuo kipi?"
Changu, bibi.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Mamangu hakuwahi kumwambia mtu nimependa.
Hata sisi wanawe.
Alikuwa akipinda tu,
na babangu akisoma atakavyo."

Jedwali langu lina nafasi ya neno moja.
Nimekaa mbele yake tangu magharibi.
Nimeandika *pinda*.
Nikafuta. Nikaandika tena.
Nikaipima mashine upya: themanini nukta saba.

Dakta atauliza.
Stima imekatika, na Sufuri ameondoka
akaliachia duara manyoya na joto lake.
Nalipangusa kwa kiganja.
Umebaki ukingo.