Inchi Mbili

Gereji ya Semkiwa, barabara ya kumi na nne,
pikapu yangu iko juu ya magogo, tairi zimelazwa pembeni.
Nimekuja na jibu mfukoni: inchi nne.
Nataka makorongo ya kupanda Amani
yapite chini ya difu bila kuigusa,
na pale Muheza stendi, nikiri tu,
nataka waniangalie kwa kuinua shingo.

Semkiwa anafuta grisi kwa gazeti la juzi.
"Nne? Shafti zitajinyoosha
kama mtoto anayeitaka sukari ya juu kabatini.
Na ile kona ya Kisiwani, una matenga ya machungwa nyuma,
utaijua."
Hamalizi. Anapiga mluzi.
"Humu hupanda nani?"

Mama. Kila mwezi, kliniki ya Bombo,
goti la kushoto limekazwa kwa kipande cha khanga.

Naomba futi. Napima toka sakafuni
hadi kizingiti cha mlango,
naongeza nne kwa kidole,
kidole kinaishia hewani,
mahali mguu wake haujafika
tangu mwaka tuliomzika baba.

Mbili, basi.

Vuli ikija kuna korongo moja, nalijua,
litaikwaruza gari tumbo.
Nitashuka na jeki, nitaokota mawe topeni,
naye atakaa ndani, kioo chini,
anamenya chungwa,
ananiuliza kwa nini sikuipandisha zaidi.