Nyuma ya Hesabu za Shayiri

Alikuja na kitabu chini ya vitunguu kikapuni,
Tasheri, mfua nguo wa mtaa wa Wafumaji,
mikono imebabuka kwa magadi.
Cha kuazima, alisema. Mwenyewe anarudi Arsinoe siku ya nne,
na punda wake hangoji mtu.

Mimi Pekusi, mnakili, mtoto wa mnakili,
katika mji huu uliopewa jina la samaki mwenye pua kali.
Nalipwa kwa mistari mia, silipwi kwa imani.
Nimeandika talaka, nimeandika mauzo ya mbuzi,
na barua za askari kwa mama zao
ambao nao huniita niwasomee.

Nikauliza: Mafunjo je?
Akatoa gombo kuukuu, hesabu za shayiri
za bwana shamba aliyekufa mwaka mto ulipokataa kupanda.
Mbele kumejaa:
Petosiri, magunia saba, hajalipa.
Horo, mawili na nusu, hajalipa.
Mjane wa Horo, hajalipa.
Nyuma kutupu, nyuzi zimesimama wima,
kalamu ya tete inarukaruka kama mbuzi maweni.
Nikakoroga masizi na gundi ya mgunga, nikaanza.

Maneno ya kitabu kile hayana nafasi kati yake,
yameshikana kama dagaa waliokaukia pamoja;
ukitaka moja, ulibandue taratibu.
Na jina lile haliandikwi lote:
herufi mbili tu, na mstari juu yake kama dari.
Kwa nini? nikauliza.
Akasema: Hata mimi sijui. Nimekuta hivyo.

Hajui kusoma, Tasheri. Alfa kwake ni kwato ya ng'ombe.
Aliketi mlangoni akichambua dengu,
nami nikiandika huku nikitamka chinichini, kama tulivyofunzwa,
na pale mstari mmoja ulipoishia "akaondoka"
na wa tatu nao ukaishia "akaondoka",
jicho langu likaruka, likatua kwa wa tatu.
Mkono wake ukasimama juu ya ungo.
Umemwacha mtu, alisema.
Mtu gani?
Mwenye mkono uliopooza. Umempita
kama walivyokuwa wakimpita siku zote.

Nikatazama. Kweli.
Nikambana pembeni, kwa herufi ndogo, yeye na mkono wake.

Aliyapata wapi? Kwa bibi yake.
Bibi kwa mchukuzi wa maji wa Aleksandria,
mchukuzi kwa Wayahudi waliokimbia mji wao ukiungua,
na wao?
Hapo kamba inazama kisimani, hatuoni ncha yake.

Usiku wa tatu, jani la nane, panya alikuwa amekula.
Tundu la ukubwa wa kunde, katikati ya habari:
mkoma amepiga magoti, na yule wa herufi mbili
anamtazama, na moyo wake
tundu.
Moyo wake ulifanyaje?
Tasheri akafumba macho.
Wako waliosimulia kwamba alimhurumia, akasema.
Wako waliosimulia kwamba alikasirika.
Na bibi yako?
Bibi alisema hili akiwa na njaa, na lile akishashiba.

Taa ilikuwa ikisinzia. Nje, mbwa wawili waligombea kichwa cha samaki.
Nilikaa na kalamu hewani hadi wino ukakauka ncha,
nikachovya tena.
Niliandika neno. Sisemi lipi.
Nilitamka polepole kupita kawaida, nikimsikiliza mlangoni.
Dengu ziliendelea kudondoka bakulini, moja moja.

Mistari elfu moja na mia sita.
Alilipa drakma tatu, akabakiza oboli nne.
Akaondoka alfajiri, gombo kifuani,
upande wa yule aliyesema madeni yafutwe ukitazama nje,
wa Petosiri na mjane wa Horo ukimgusa ngozi.

Siku ya tano nilimtuma kijana wangu akadai.
Alirudi na vitunguu.
Vitatu. Kimoja kimeoza.