Meno Ukingoni

Jumatano na Jumamosi tu, basi.
Bajeti ya jimbo ni shuka fupi:
ukifunika kichwa, miguu inaliwa na baridi ya Ohio.
Dola tatu mtu mzima, mtoto bure,
na mimi, Odell Krieger, mfagizi, fundi, mkata nyasi,
ndimi mwenye funguo za nyumba alimozaliwa Rais.

Simtaji. Jina lake lipo mlangoni kwa shaba,
lipo shuleni, darajani, kwenye kituo cha mafuta,
limetamkwa hadi limechujuka kama shati la kazi.
Hakukaa sana madarakani. Vitabu vinampa kurasa mbili;
moja na nusu ni picha.

Na nyumba yenyewe siyo yenyewe.
Ile ya kwanza iliungua. Babu, kijana bado,
alisimama kwenye mstari wa ndoo toka kijitoni.
Maji yalifika, nyumba haikusubiri.
Hii ilijengwa baadaye kwa mbao za ghala la jirani,
dirisha kwa dirisha, kwa kukumbukakumbuka,
wazee wakibishana: ngazi ilikuwa kushoto au kulia?
Kushoto ilishinda kwa kura moja.

Nje, sanamu. Kila Machi namsugua mavi ya njiwa mabegani,
namkwangua chingamu chini ya kiatu.
Pua inang'aa: watoto huipapasa kabla ya mtihani.
Mimi pia niliipapasa.
Nikafeli hesabu.

Chumba cha juu, nyuma ya kamba nyekundu,
susu.
Kibao kinasema: *Susu la Zama Zile.*
Hakisemi uongo. Hakisemi kitu.

Susu ni la kwetu.
Nyanya alilitoa mwaka ule kamati ilipopita
mlango kwa mlango ikiomba chochote cha kale.
Walichukua pia birika la shangazi Hulda
na picha ya bwana mwenye ndevu tusiyemjua,
ambaye sasa yuko sebuleni, ni mjomba wa Rais.

Ukingoni mwa susu pana vijishimo vinne.
Mama alikuwa akiota meno. Majira ya baridi,
baba yake chini kwenye makaa ya mawe,
mama yake mikono ndani ya nguo za watu,
hakuna wa kumpa kidole atafune.
Akauma mbao.

Jumamosi iliyopita alikuja mwanamke kutoka Nebraska,
mjukuu begani. Akainama juu ya kamba.
"Tazama," akanong'ona, kwa sauti ya kanisani,
"meno yake!"
Macho yakamlenga machozi.
Lurleen, anayeongoza wageni, akanigeukia.
Nilikuwa juu ya ngazi, taa mbovu mkononi.
Nikasafisha koo.
Kisha nikakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

Jioni nikapita makao ya wazee, chumba cha kumi na nne.
Mama anakula uji kwa kijiko cha plastiki,
kinywani hamna jino hata la dawa.
Nikamwambia: "Leo mtu kalilia meno yako."
Akafikiri. Uji ukapoa kidogo.
"Kalipa?"
"Dola tatu."
Akacheka, ufizi wote nje, waridi kama wa mtoto,
akacheka, akakohoa, akaanza upya,
hadi muuguzi akafungua mlango
kuuliza kuna nini.