Saa Waliyoitoa Machi

Katika orodha ya kanda za saa, Dodoma haimo.
Nimeshuka nayo kwa kidole: Dakar, Dar es Salaam,
Djibouti, halafu Douala.
Hapo katikati, palipostahili jina la makao makuu, patupu.
Tumesajiliwa Dar, kama mtoto aliyezaliwa safarini.
Sawa. Nikaandika Dar, nikaendelea na kazi.

Kazi ni kalenda ya ushirika wa zabibu, Mpunguzi.
Kila Jumanne mnunuzi wa Bremen hupiga simu ya video,
saa nne asubuhi ya kwao, kahawa mkononi.
Kwetu ni saa sita, jua la utosini.
Mashine husema kumi na mbili, mimi husoma sita;
hilo halijawahi kunisumbua,
tumekua nalo: tazama akrabu, soma upande wa pili.

Februari ikapita vizuri. Machi nayo, karibu yote.
Kisha, usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho,
saa kumi, jogoo wa jirani hapa Makole akijaribu koo,
Bremen wakaruka kutoka saa nane hadi saa tisa
kama mtu arukavyo dimbwi.
Hapa hata kikombe hakikutikisika.

Jumanne, saa tano, mnunuzi akafungua kamera.
Akajiona peke yake.
Akangoja dakika ishirini, akaenda zake.
Saa sita wakulima kumi na mmoja, mashati yamepigwa pasi,
wakabanana mbele ya kompyuta moja
na kichala kwenye sahani, aione rangi.
Wakajiona wenyewe.
Kichala kikaliwa.

Nyemo Chilongani, katibu, akanipigia:
"Tumechelewa sisi, au wamewahi wao?"

Kosa lilikuwa langu.
Nilikihifadhi kikao kama nukta,
saa tatu ya Greenwich, nikaipigilia msumari
kila Jumanne mpaka dunia iishe.
Nilidhani nukta haidanganyi. Na kweli haikudanganya.
Ila mnunuzi hakuahidi nukta;
aliahidi saa nne ya kwake,
na saa nne ya kwake ina miguu.

Nikavunja, nikaandika upya.
Shika alivyosema. Shika na jina la mji wake
(Berlin, maana Bremen nayo haimo;
nilifarijika kidogo).
Usipige hesabu mapema:
huko wanaweza kuifuta desturi hiyo kesho,
nasi tukasikia keshokutwa.

Nikajaribu. Nikaweka kikao cha uongo
saa nane na nusu ya usiku ule wa kuruka.
Mashine ikakataa: hakuna saa hiyo.
Nikahamia usiku wa Oktoba, wanaporudi nyuma.
Ikaniuliza: ya kwanza au ya pili?
Nikaacha kuchapa.
Sisi tuna usiku wa kuamkia,
tuna mtondo na mtondogoo,
lakini saa moja kuja mara mbili,
kama mgeni aliyesahau fimbo mlangoni,
hilo sikuwa na neno lake.

Jumanne iliyofuata nilikwenda Mpunguzi mwenyewe.
Saa tano kasoro walishakaa.
Nyemo alikuwa amebandika karatasi ukutani, wino mwekundu:
HADI OKTOBA NI SAA TANO.
Bremen akatokea na kahawa yake,
akasifu rangi, akalalamikia bei, kama kawaida.

Simu ilipokatika, Nyemo akifuta meza, akaniuliza:
"Hiyo saa waliyoitoa Machi,
wanaiweka wapi miezi yote hiyo?"

Nikarudi Makole, nikafungua nyaraka.
Mna kila kitu mle,
hata ile robo saa nchi hii iliyokuwa nyuma
kabla ya uhuru.
Hilo halimo.