Kanifia Mkononi

Mahkama ya rufaa ya shirikisho, Fujaira,
ina lifti mbili, moja imekufa tangu Ramadhani.
Jaji Suweid bin Nabhan hupanda ngazi
akihesabu kwa Kiswahili, chini kwa chini,
moja, mbili, tatu, hadi thelathini na nane.
Mimi nyuma yake na majalada, nahesabu naye kimoyomoyo.
Miaka kumi na tisa. Lugha hiyo
hatukuwahi kuizungumza ndani ya kuta zile.
"Hapa," aliniambia siku ya kwanza, kwa Kiarabu,
"mimi na wewe hatutoki popote."

Kazaliwa Chake Chake, katolewa na miaka tisa
na sanduku la bati na kofia ya marehemu babake.
Sheria kaisomea Khartoum, kwa taa ya chemli.
Kaanzia Umm al-Qaiwain, hakimu wa madai madogo:
mbuzi waliokula bustani, hundi zilizorudi,
mpangaji aliyehama usiku na kiyoyozi cha mwenye nyumba.
Nywele zilimpaukia huko. Akapandishwa.
Rufaa haina makelele, alisema. Makelele yameishia chini;
kwetu hufika karatasi,
na karatasi haitoki jasho.

Jalada lile lilifika Agosti.
Mbeyu wa Kwale, mlezi wa bibi kizee kule Dibba.
Bibi amekutwa kitandani, hana pumzi.
Ukurasa wa kumi na moja, kauli ya Mbeyu
kama ilivyofasiriwa: *Nimemuua kwa mkono wangu.*
Miaka kumi na mitano.
Pembeni, askari mmoja mwangalifu, Mungu amlipe,
aliandika kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu,
sauti alizozisikia: kanifia mkononi.

Nilimwona Jaji akifika pale. Kidole kikasimama.

Kanifia.
Mtoto wa Chake wa miaka mitatu anajua
kwamba aliyekufia hukumuua:
kakuachia uzito wake mikononi,
na maji uliyomletea bado yamo kikombeni.
Nikasema, kabla ya adhuhuri yamekwisha.

Hayakwisha. Hakimu hahukumu kwa alijualo moyoni.
Mwamba ngoma huvutia kwake,
na yeye aliogopa ngozi ile kuliko kosa.
Akaandika: Aitwe mfasiri mwingine, aapishwe.
Siku arubaini na moja tukamngoja mfasiri,
siku arubaini na moja Mbeyu yumo ndani,
na kila moja ya siku hizo nilimchukia Jaji
nikimtilia chai.

Akaja mama wa Kimvita kutoka Sharja,
mkono wa miwani umefungwa kwa uzi.
Akasoma. Akaguna.
Akalieleza neno lile kwa pumzi moja.
Jaji akamwuliza, kama asiyejua: "Una hakika?"
Chini ya meza, mkono wake mmoja
ulikuwa umeukamata mwingine.

Juzi kastaafu. Keki, picha, ngao ya kioo.
Nikambebea kisanduku hadi garini.
Juu yake daftari la kijani, nambari tupu:
hukumu zake tatu zilizotenguliwa na Mahkama ya Juu.
Chini yake ya nne, ambayo hakuitengua mtu.
Naijua nambari ile. "Lakini Mbeyu alitoka," nikasema,
na ulimi ukanitoka kwa Kiswahili.

Akatazama meli za mafuta zilizojipanga nje ya bandari.
Akanijibu kwa Kipemba, kikavu, kama nguo
iliyokaa kabatini miaka:
"Siku arubaini na moja. Zile zangu."

Kiti cha gari kilikuwa moto wa kuunguza.
Akakaa hivyo hivyo.