Ganda la Upande wa Mawio

Ni mimi.
Nianze na hilo, kabla maneno hayajanipa pa kujificha:
ni mimi niliyeuvua nguo msesewe wa mfongoni,
toka magotini hadi mkono wangu ulipokoma,
duara zima, sikuuachia hata uzi wa kujisitiri.

Ilikuwa Julai, ukungu umelala Mbokomu
hadi ndani ya migomba ya shangazi Aikande.
Mnunuzi alishasema: kilo elfu nne,
gari liko Kiboriloni, na gari haliulizi.
Ganda lilitoka kwa hiari
kama sweta la mtoto aliyesinzia.
Utomvu ulinitiririka hadi kiwikoni, mweupe.
Nikajifuta kwa jani la mgomba.
Kilo kumi na tisa na nusu.
Kwenye mizani yake ile nusu haikuonekana.

Huo ndio mti ulionitoa homa nikiwa na miaka sita.
Homa siikumbuki. Nakumbuka uchungu,
na vidole vya Aikande vikinibana pua nimeze,
na kijiko cha asali alichokiahidi
hakikuja hadi leo.

Yeye huchukua upande wa mawio tu,
upana wa kiganja, kiganja chake, si changu,
asubuhi, kabla hajasema na mtu.
Kisha hukanda udongo na mavi ya ng'ombe,
hulifunga jeraha kwa gamba la mgomba,
na mti huo hausogelei tena
mpaka kovu lifumbe mdomo.
Nani alimfundisha? Hasemi.
Ukimuuliza, anakuuliza kama umefunga mbuzi.

Siku ya nne alinijua.
Labda ni kiwiko; utomvu ukikauka huacha doa.
Nikafanya afanyavyo mtu wa huku akikosa:
nikakata jani la sale, nikalipiga fundo,
nikampelekea kwa mikono miwili.
Sale halikataliwi.
Hata aliyeuliwa ndugu hulipokea, akalia, akanyamaza.
Aikande alikuwa anachambua maharage.
Mikono haikuinuka.
"Mimi sikuchunwa," alisema.
"Mpelekee aliyechunwa."

Basi nimewahi kusimama mbele ya mti, mchana kweupe,
wanafunzi wanapita na madumu yao wakicheka,
mimi naomba radhi, jani mkononi,
sijui pa kulikabidhi.
Nikalifunga kwenye shina, juu kidogo ya ule uchi.

Ndipo akaja na ndoo.
Tulipaka udongo hadi saa kumi jioni, kimya,
yeye upande wa mawio, mimi upande wa machweo.
Hakunisamehe. Alinipa kazi.
Miche saba ya msesewe ndani ya makopo ya rangi,
mkonde mmoja mkaidi uliogoma miezi mitano,
na majani ya kandokando ya maji ambayo nilikuwa nayafyeka
nikiyaita magugu.
Alinifundisha majina kwa Kichaga;
mengine sijui Kiswahili chake.
Na mengine hakunifundisha.
Hayo, alisema, ni ya mtu ambaye gari halimjui.

Mwaka wa tatu sasa.
Juu mti umekauka, vigogota wameutoboa,
tawi moja liliangukia mfongo tukalikata kuni.
Ile miche, minne imekufa.
Lakini chini ya jeraha, upande wa mawio,
kumechomoza kijiti
chenye majani manne yaliyokaa duara
kama watu wanaoteta.

Lile fundo limekuwa rangi ya tumbaku.
Wanasema sale halikataliwi,
ila hiyo ni sheria ya watu wa Mbokomu,
na msesewe ulikuwapo kabla yetu.
Kila asubuhi napita na ndoo,
nachuchumaa, nahesabu.
Jana manne.
Leo matatu, na la tatu limetafunwa ncha.

Sikuwa nimefunga mbuzi.